Mzazi wa Saa Nne

Jina la nchi ninayoisimulia nililijua zamani, nikalisahau kwa hiari, kwa sababu za kiafya. Tuiite Jamhuri ya Mbeleni, maana kila kizuri chake kiko mbeleni, na wananchi wake wameota shingo ndefu kwa kuchungulia. Ukiona humu kitu kinachofanana na cha kwenu, nenda kawalaumu wa kwenu.

Mbeleni ni nchi yenye huruma. Mtoto asiye na wazazi hapati upweke huko, kwa sababu sheria inasema Jamhuri yenyewe ndiyo baba yake na mama yake. Hupewa hata ubini. Sisi tuliolelewa Makao Namba Nne sote ni akina Jamhuri: Nasibu Jamhuri, Sikitu Jamhuri, na mimi hapa, Mashaka Jamhuri. Mwalimu akiita "Jamhuri" darasani, nusu ya darasa inasimama. Mkaguzi mmoja alidhani unapigwa wimbo wa taifa, naye akasimama.

Sasa, Jamhuri ni mzazi mwenye mapenzi, ila ana ratiba. Siku unayotimiza miaka kumi na minane, saa sita kamili mchana, anaacha kuwa mzazi wako. Hufanyika sherehe fupi. Unapewa godoro la inchi tatu, ndoo yenye mfuniko, na cheti chenye neno moja kubwa: AMEVUKA. Amevuka nini kwenda wapi, cheti hakisemi, maana nafasi yote ililiwa na saini. Mimi niliuliza. Nikajibiwa kwamba kijana aliyevuka haulizi.

Nasibu alikuwa amevuka miaka sita kasoro siku tatu, na hizo siku tatu ndizo zilizotutoa jasho.

Tangu avuke alilala juu ya godoro lake nyuma ya karakana moja, akajifunza kutengeneza friji, mpaka akawa fundi wa kuligonga friji kwa kiganja na kukutajia ugonjwa wake. Akaitwa kutengeneza friji la duka la dawa, na humo dukani alikuwamo muuzaji, Mwanamvua. Friji lilipona siku ile ile. Nasibu akaendelea kulikagua miezi minane.

Mwanamvua alikubali. Waliobaki kukubali ni ukoo wake, na ukoo wenyewe si wa watu watatu. Bibi yake, Bi Kirembe, alituma ujumbe: "Aje Jumamosi alasiri na watu wake. Kama hana watu, asije. Na asituletee watu wa kukodi. Mwaka juzi alikuja mmoja na mjomba wake, kumtazama mjomba, ndiye anayetuuzia maji."

Baba wa binti, Mzee Sefu, akaongeza lake. Kabatini kwake kuna barua nyingine ya posa, ya mtu mwenye watu, tena wa kumwaga. Jumamosi ikipita, kabati litafunguliwa.

"Mashaka," Nasibu akaniambia, "watu nitawatoa wapi?"

"Si nipo mimi."

"Wewe ni mtu. Wametaka watu."

"Nitafuga ndevu."

Akanitazama kidevu. "Kwa hizo, labda twende kuposa mwaka kesho kutwa."

*

Ndipo tukaikumbuka Huduma.

Wakati huo Mbeleni ilikuwa imezindua Mpango wa Taifa wa Uvushaji, na ndani yake mlikuwa na kitu kinaitwa Mzazi kwa Maombi. Yeyote aliyevuka, maadamu hajatimiza miaka ishirini na minne, anaruhusiwa kuiomba Jamhuri irudi kuwa mzazi wake kwa shughuli maalumu: kulazwa hospitali, mahafali, posa, na mazishi yasiyo yake. Mzazi hutolewa kwa saa nne, kuanzia anapotoka ofisini.

Mimi niliwahi kuitumia kwenye mahafali ya kidato cha nne. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, maana kidato cha pili nilikaa kama mtu aliyepanga chumba. Mzazi alifika, nisimsingizie. Alifika mwaka uliofuata, akampongeza kijana mwingine, wakapiga picha. Nimeiona. Wanafanana.

Kwenye dirisha la Uvushaji tulimkuta mama mmoja mwenye miwani, anakunywa chai kwa utaratibu wa kiofisi. Akaisoma fomu yetu mbele na nyuma.

"Hapa pana pengo," akasema. "Saini ya mzazi anayeridhia mwombaji apewe mzazi."

"Shikamoo mama," Nasibu akasema, "ningekuwa na mzazi wa kuridhia, nisingekuja kuomba mzazi."

"Marahaba. Wote mnasema hivyo hivyo."

"Lakini mama," nikaingia, "mzazi wake ni Jamhuri, na Jamhuri si ndiyo nyinyi? Weka saini wewe."

Akavua miwani, akampima Nasibu kuanzia juu hadi kwenye kandambili. "Mimi nimzae huyu?" akauliza. "Na urefu wote huo?"

Fomu ingelala pale hadi leo, kama isingekuwa kalenda. Mpango wa Uvushaji ulikuwa unachapisha kalenda ya mwaka mpya, na mwezi wa sita ulikuwa hauna picha. Walikuwa na picha kumi na moja za viongozi wakikabidhi magodoro. Bosi alitaka ya kumi na mbili iwe na furaha ndani yake. Lilipotajwa neno "posa", mlango wa ndani ukafunguka, ikatoka sauti: "Mpe mzazi huyo."

Nasibu angetimiza ishirini na minne Jumanne. Mzazi akapangwa Jumamosi.

*

Mzazi aliyetolewa alikuwa Naibu Kamishna wa Uvushaji, Bwana Pelegrino Kasunzu, mwanamume mpana mwenye suti ya kijivu na faili kwapani. Alikuja na mpiga picha. Mimi niliandikwa kwenye msafara kama "mdau kijana", cheo kisicho na kiti: nilikaa nyuma ya gari pamoja na mwamvuli.

Uani kwa Bi Kirembe ilikuwa imetandikwa mikeka miwili inayotazamana, katikati pamebaki njia ya kupitisha sinia. Mkeka wa upande wa binti ulikuwa na watu ishirini na mmoja wamebanana kama meno. Wetu ulikuwa na wanne, na mmoja wetu jicho lake lilikuwa ndani ya kamera.

Shangazi wa binti, Mwanahawa, akafungua mazungumzo kama ilivyo desturi, kwa kutuchokoza. "Karibuni wageni. Mmepotea njia, au mmenusa pilau la watu mkalifuata?"

Kila mtu alijua linalopaswa kujibiwa. Unasema umeliona ua kwenye bustani yao, au jogoo wako hali wala halali, watu wanacheka, mambo yanaanza. Kasunzu akasimama, akafunga kifungo cha koti.

"Itifaki imezingatiwa," akasema. "Hatujapotea. Dereva ana ramani."

Watu wa mkeka wa pili wakatazamana.

"Ndugu wananchi wa upande wa mwanamke," akaendelea, "katika awamu hii pekee Jamhuri imevusha vijana elfu tatu na kumi na wanne, ukilinganisha na awamu iliyopita ambayo ilivusha kwa mazoea. Leo tunaandika historia. Kwa mamlaka niliyopewa, nautangaza mkeka huu kuwa umefunguliwa rasmi."

Mpiga picha akaomba urudiwe, jua lilikuwa limeingia vibaya. Kasunzu akaufungua mkeka mara ya pili.

"Kwani nani aliufunga?" akauliza Mzee Kitwana. Huyu ni mdogo wake Mzee Sefu, mtu wa kubishana hata na saa ya ukutani.

Nasibu alikuwa ameinamisha macho. Shati lake nililipiga pasi mimi, kwa hiyo tuseme lilikuwa safi.

*

Ikaja kahawa na sinia la halua. Nasibu akanyoosha mkono wa kulia. Kabla haujafika, Kasunzu akamgusa bega.

"Subiri kidogo." Akafungua faili. "Ukurasa wa kumi na nne. 'Mtoto hutumia mkono wa kushoto.' Tumia wa kushoto."

"Mheshimiwa, mimi wa kulia," Nasibu akanong'ona. "Na hapa ni ukweni."

"Sikiliza, kijana." Kasunzu naye alinong'ona, lakini kwa sauti ya jukwaani, hata mbuzi wa uani akageuka. "Mimi ni mzazi wa huyu aliyemo kwenye faili. Aliyemo kwenye faili ni wa kushoto. Ukila kwa wa kulia, wewe siye. Kama siye, sina mamlaka ya kuwa hapa. Nitalazimika kuondoka na msafara wote."

Wapendwa, hebu pimeni wenyewe. Ale halua ya wakwe kwa mkono wa kushoto, mbele ya bibi wa binti, kabati lifunguliwe hapo hapo. Au ale kwa wa kulia, mzazi apande gari, abaki na mdau kijana. Sinia lilikuwa hewani. Macho ishirini na moja, zidisha kwa mbili, yalikuwa mkononi mwake.

Nasibu akanyoosha mikono yote miwili. Akapokea kipande chake cha halua kwa viganja vilivyounganishwa, kama mtu anayepokea baraka, akainamisha kichwa.

"Kijana ana adabu," akasema bibi mmoja upande wa pili.

Kasunzu akatia alama ya vema kwenye faili. Mpiga picha akapiga.

Lakini faili lilikuwa na kurasa nyingine. Kasunzu, baada ya kuonja halua, akapata moyo wa kumsifu mwanawe. "Kijana huyu ni hodari wa kuumua unga. Mandazi yake yalisifiwa na tume mbili. Ukurasa wa kumi na tisa."

Mzee Sefu akainua uso. "Mandazi? Sisi tumeambiwa ni fundi wa friji."

"Na anaogopa mbuzi," Kasunzu akasoma.

Nasibu alikuwa amekaa karibu na mbuzi kiasi kwamba mbuzi anatafuna mfuko wa shati lake. Watu wakamtazama yeye, wakamtazama mbuzi.

"Kijana," Mzee Sefu akasema, sasa sauti imekauka, "wewe ni nani hasa? Umetudanganya kazi, au umetudanganya jina?"

"Mzee wangu, sijadanganya kitu. Hilo faili si langu. Tulikuwa akina Nasibu Jamhuri wawili. Hilo ni la mwenzangu, aliyekuwa jikoni."

"Haliwezi kuwa si lako," Kasunzu akasema kwa upole wa mtu aliyezoea kueleza mambo kwa wajinga. "Lina muhuri."

"Mheshimiwa, ni kweli," nikasema mimi. "Nasibu wa mandazi aliondoka na..."

"Mdau kijana ataongea kipengele cha saba."

Mzee Sefu akageuka kwa mama yake. "Mama, mimi nimeona. Huyu mtoto wa watu hana ubaya, lakini hana watu. Hawa waliokuja naye hata hawamjui. Siku mwanangu akipata taabu, nitamfuata nani? Nilifuate faili?" Akaanza kuinuka. Nikajua anaelekea kabatini. Mlangoni, nyuma ya pazia, niliona vidole vya miguu vya Mwanamvua vimejikunja.

"Kaa," Bi Kirembe akasema.

Mzee Sefu ana miaka sitini na mbili. Alikaa.

*

Hilo ndilo lilikuwa neno la kwanza la Bi Kirembe tangu tuingie. Alikuwa kikongwe mdogo kama kifurushi, mwenye kanga mbili na macho ya askari wa zamu.

"Bwana mkubwa," akamwambia Kasunzu, "nina swali moja tu. Huyu mtoto, alipokuwa mdogo, akishikwa na homa, alikuwa akililia nini?"

Kasunzu akapekua. "Alipewa dawa ya maji, vijiko viwili."

"Sikuuliza alipewa nini. Nimeuliza alililia nini."

"Mama, swali hilo halimo kwenye fomu ya homa."

"Friji," nikasema.

Kasunzu akaniambia bado tuko kipengele cha nne. Bi Kirembe akamwonyesha kiganja, Kasunzu akanyamaza. Sijui mamlaka hayo bibi aliyapata wapi, hakuonyesha barua.

"Sema, baba."

"Akishikwa na homa alikuwa anahama kitandani," nikasema. "Anabeba shuka anakwenda jikoni, analala sakafuni, mgongo kwenye friji. Lile friji lilikuwa bovu, likiunguruma vyombo vinatetemeka. Anasema ukifumba macho ni kama mtu mzima amelala nyuma yako, anakoroma. Tulimcheka sana. Halafu na sisi tukawa tunakwenda. Kuna siku tulilala saba."

Nilidhani watacheka, maana nilikuwa nimejiandaa kuchekwa. Hakuna aliyecheka. Nasibu alikuwa anamtazama mbuzi kwa bidii. Nyuma ya pazia mtu alivuta kamasi, na mimi naamini lilikuwa vumbi.

"Haya," Bi Kirembe akasema. "Mwenye ndevu za ahadi huyu ni mtu wake. Mmoja amepatikana. Mmoja hatoshi." Akatazama mkeka wake uliojaa. "Na sisi hapa tumezidi, mpaka tunakaliana. Kitwana. Vuka."

"Nivuke niende wapi?"

"Mkeka ule. Wewe ni baba yake Nasibu."

"Mama, mimi ni baba mdogo wa bibi harusi."

"Ana baba wadogo watano, na wewe ndiye wa kelele. Vuka. Mwanahawa, nawe vuka, mtoto hawezi kukosa shangazi. Na asije mtu akaniambia ni wa kukodi. Huyu nimemzaa mwenyewe, na nampa bure."

Mzee Kitwana akainuka akinung'unika, akachukua kikombe chake cha kahawa, akaipita ile njia ya sinia kwa hatua mbili. Akaketi kando ya Nasibu, akamsukuma mbuzi, akamtazama kijana usoni kama mtu anayekagua kitu alicholetewa.

Halafu akageukia kule alikotoka, na sura yake ikabadilika.

"Enhe," akasema. "Kwanza mwanangu amekaa hapa saa nzima, amepewa kipande kimoja cha halua. Hivi ndivyo mnavyopokea watu?"

"Kitwana!" Mzee Sefu akasema.

"Kwenu mimi ni mgeni, niite kwa heshima. Pili, mahari mnayoitaka ni ya binti anayejua kupika. Wali wa Mwanamvua nimeula miaka ishirini, ushahidi ninao tumboni. Punguzeni."

"Msaliti wewe!"

"Na tatu," akadakia Shangazi Mwanahawa, naye keshajipanga, "friji lenu limekufa tangu mwezi wa Ramadhani, mnahifadhi viatu. Mnaletewa fundi mpaka mlangoni, bado mnatunisha mashavu? Sisi mtoto wetu anagombewa."

Basi hapo ikawa posa. Wakavutana, wakazomeana, wakakumbushana madeni ya utotoni. Kitwana alikuwa anazijua siri zote za upande wa pili, akazitumia bila huruma. Mahari ilishuka mara mbili, na pilau likaja kabla ya wakati ili kumziba mdomo.

Akiwa katikati ya kula, ndipo alipomwona Kasunzu, ameketi pembeni kwenye mkeka wetu na faili lake mapajani.

"Na wewe bwana wa suti," akamwuliza, "kwa mwanangu wewe ni nani?"

Kasunzu akafungua faili. Akatafuta ukurasa wa kwanza. Akalamba kidole, akatafuta wa pili. Alikuwa amefika wa kumi na moja saa yake ya mkononi ilipolia: saa kumi na mbili kamili. Uso ukamng'aa.

"Muda wa uzazi umekwisha," akatangaza, akafunga kifungo cha koti, akaondoka na dereva mwenye ramani.

*

Kalenda ilitoka. Mwezi wa sita yupo Kasunzu, ametabasamu, chini pameandikwa: JAMHURI YAMWOZA MWANAWE. Nasibu amekatwa pembeni. Imebaki mikono yake miwili na halua.

Ripoti ya mwaka nayo ilisema siku ile vijana watatu walivushwa: Nasibu, Kitwana na Mwanahawa. Hawa wawili wa mwisho, ripoti ilisisitiza, walionekana kwa macho wakivuka. Kila mmoja akaandikiwa barua akachukue godoro na ndoo. Mzee Kitwana alikwenda, akabishana nao wiki nzima kuhusu mfuniko, akarudi na ndoo mbili.

Harusi ilipita salama. Siku kumi baadaye Nasibu akanipigia simu.

"Mashaka, baba Kitwana amenuna."

"Kanunia nini?"

"Sijakwenda kumwona tangu harusi. Anasema mtoto gani huyu, anaoa anapotea siku kumi. Nimempigia simu hapokei. Nimetuma salamu, kazirudisha kama zilivyo."

Alikuwa anacheka, lakini pua ilikuwa imeziba.

"Sasa kinachokuchekesha ni kipi?"

"Jamhuri imenilea miaka kumi na minane," akasema. "Nimeondoka, nimekaa nje sita. Uliwahi kuisikia imeninunia?"

Nikafikiri. Ilishawahi kunipa godoro. Ilishawahi kunipa ndoo. Hiyo nyingine sikuikumbuka.

"Ndiyo nanunua samaki hapa niende kuomba radhi," Nasibu akasema. "Na wewe jiandae, maana wewe ndiye kakununia zaidi. Anasema yule mwenye ndevu za ahadi alikula pilau lake, akapotea moja kwa moja."

Nikavaa viatu.